Marehemu Abdulrahman Babu: Waziri Aliyekuwa Kifungoni Reli Ilipovuka Tunduma

 

Ndugu zetu wa Tunduma wametutaka tuwaandikie habari za marehemu Abdulrahman Mohamed Babu. Wanasema jina lake limezusha mabishano barazani. Baadhi yao wanamsifu kuwa ndiye Mzanzibari aliyesaidia kufungua mlango wa reli ya TAZARA, inayopita mjini kwao kabla ya kuingia Nakonde, upande wa Zambia. Wengine wanasema ni mtu wa fitna, aliyehukumiwa kifo kwao Unguja, na hafai kutajwa kwa kheri. Wanataka kujua lipi ni la kweli.

Jawabu fupi ni kuwa alikuwa na mkono katika jambo la reli, na ni kweli pia kwamba alihukumiwa kifo. Lakini aliyesikia hukumu ile na asijue mahakama ilikuwa ya namna gani, amesikia nusu ya habari. Na aliyesikia habari ya reli na asijue mengine aliyoyafanya Babu, au aliyoyanyamazia, naye pia amesikia nusu. Tutaeleza kwa kadiri ya yale yaliyothibiti, na Mwenyezi Mungu ndiye wa kutegemewa.

Kuzaliwa na kuingia siasa

Babu alizaliwa Unguja mwaka 1924. Katika ujana wake alifanya kazi ya ukarani katika chama cha wakulima wa karafuu, na mwaka 1951 akasafiri kwenda Uingereza kusoma. London ya miaka ile ilijaa vijana wa Kiafrika na wa Kiasia waliokuwa wakipanga namna ya kuwatoa wakoloni makwao. Babu akaingia katika harakati hizo, na huko ndiko alikoshika fikra za ujamaa wa Kimarx, ambazo hakuziacha mpaka kufa kwake.

Mwaka 1957 akarejea Zanzibar. Mwaka huo ndipo ulipofanyika uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria, na chama cha Hizbu, yaani Zanzibar Nationalist Party, hakikupata hata kiti kimoja. Babu akawa Katibu Mkuu wa chama hicho. Alikijenga kwa matawi, kwa vijana, kwa vyama vya wafanyakazi na kwa magazeti. Waliomuona wakati huo, wapenzi wake na mahasimu wake, wanakubaliana kwamba hakuwa mtu wa kuchoka. Hizbu iliyoshindwa vibaya mwaka 1957 ikawa chama kikubwa ndani ya miaka michache.

Mtihani wa kwanza: kifungo cha 1962

Waingereza hawakumpenda. Walimuona ni mtu wa China. Mwaka 1962 akashitakiwa kwa uchochezi kutokana na maandishi yaliyotoka katika chapisho lake, akafungwa miezi 15. Alipotoka mwaka 1963 aliikuta Hizbu imebadilika, au pengine yeye ndiye aliyekuwa amebadilika. Uchaguzi wa kuelekea uhuru ulikuwa karibu. Yeye na wenzake walitaka wagombea watokane na watu wa tabaka zote, na chama kiondokane na harufu ya ubaguzi wa asili. Viongozi wengine, akiwemo Sheikh Ali Muhsin Barwani, hawakukubaliana naye. Babu akatoka, akaunda chama chake, Umma Party. Wafuasi wake ndio walioitwa makomredi.

Hapa ndipo palipoanza khitilafu iliyomfuata maisha yake yote. Watu wa Hizbu walisema amewasaliti mlangoni mwa uhuru. Watu wa Afro-Shirazi, ambao kwa miaka sita alikuwa mpinzani wao mkubwa, walimpokea kama mshirika, lakini wengi wao hawakumuamini moja kwa moja. Aliyetoka kwa huyu hakupata nyumba kamili kwa yule.

Uchaguzi wa Julai 1963 uliipa Afro-Shirazi kura nyingi zaidi, kiasi cha asilimia 54, lakini viti vingi vikaenda kwa muungano wa Hizbu na ZPPP. Uhuru ukaja tarehe 10 Disemba 1963. Haukupita mwezi, serikali mpya ikaipiga marufuku Umma Party, na Babu akakimbilia Dar es Salaam.

Mapinduzi na Muungano

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalimkuta Babu akiwa Dar es Salaam. Hili lazima lisemwe, kwa sababu wapo wanaomsimulia kana kwamba alishika silaha usiku ule. Hakuwapo kisiwani. Wafuasi wake waliokuwapo waliingia katika mapinduzi baada ya kuanza, na yeye akarejea akafanywa Waziri wa Mambo ya Nje wa serikali mpya chini ya Mzee Abeid Karume.

Lakini haitoshi kusema hakuwapo usiku ule. Baada ya mapinduzi roho nyingi zilipotea, mali zikachukuliwa, watu wakafungwa na wengine wakakimbia nchi. Waliokuwa wenzake Hizbu walitiwa ndani. Sheikh Ali Muhsin alikaa katika magereza ya Bara kiasi cha miaka kumi bila ya kuhukumiwa na mahakama. Babu alikuwa waziri katika serikali hiyo. Watoto na wajukuu wa waliodhulumiwa wana haki ya kuuliza alisema nini. Mtu anayemsifu Babu na kulificha hili hamtendei haki Babu wala hao waliodhulumiwa.

Mwezi wa Aprili 1964, Tanganyika na Zanzibar zilipoungana, Babu alikuwa safarini Asia. Aliporudi aliukuta Muungano umeshatiwa saini. Akaingia katika serikali ya Muungano na kuhamia Bara, na makomredi kadhaa wakahamishwa pia. Wengi wameona kuwa hiyo ilikuwa njia ya kuwaondoa kisiwani bila ya kelele.

Mwaka huo huo alijuana na Malcolm X, Mmarekani mweusi aliyekuwa ameshakwenda Hija na kubadilisha mengi katika fikra zake. Disemba 1964 Babu alihutubia pamoja naye mjini New York. Tunalitaja hili kwa sababu ni katika mambo yaliyomjengea jina nje ya nchi, na jina hilo lilikuja kumfaa alipokuwa kifungoni.

Habari ya reli

Zambia ilipata uhuru Oktoba 1964. Ni nchi isiyo na bahari, na shaba yake ilikuwa ikitoka kwa njia ya Rhodesia ya walowezi na Msumbiji ya Wareno. Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda walitaka reli ya kwenda Dar es Salaam. Wakubwa wa Magharibi na Benki ya Dunia wakasema reli hiyo haitalipa. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia wakajitangazia uhuru wao, na mambo yakawa mazito zaidi. Mafuta ya Zambia yakawa yanapelekwa kwa malori kutoka Dar es Salaam kupitia Mbeya na Tunduma, katika barabara ya vumbi na matope ambayo madereva waliipa jina la njia ya jahanamu kwa ajali zake. Wazee wa Tunduma na Mbozi wanaikumbuka barabara ile kabla ya lami.

Kabla ya hapo, Februari 1965, Mwalimu Nyerere alikwenda China. Babu, ambaye alikuwa akijuana na viongozi wa China tokea miaka ya ukoloni, ndiye aliyetangulia kutayarisha ziara hiyo. Kwa maelezo aliyoyatoa mwenyewe baadae, yeye ndiye aliyelifikisha suala la reli mbele ya wenyeji wale, nao wakaonesha utayari. Haya ni maelezo ya mwenye habari juu ya nafsi yake, na tunayachukua kwa kipimo hicho. Lakini kwamba alikuwa daraja baina ya Tanzania na China katika miaka ile, hilo halina ubishi mkubwa.

Hata hivyo, reli haikuwa kazi ya mtu mmoja. Mkataba wa nchi tatu ulitiwa saini Beijing Septemba 1967. Mkopo wake, Yuan milioni 988, ulikuwa hauna riba, jambo ambalo msomaji Muislamu hatalipita bila ya kulitia maanani. Ujenzi ulizinduliwa Oktoba 1970. Maelfu ya Wachina na makumi ya maelfu ya Watanzania na Wazambia walifanya kazi katika mabonde na milima ya kutoka Mlimba kwenda Makambako, na kutoka hapo kuelekea Mbeya na Mbozi. Wapo waliokufa kazini.

Aprili 1972

Februari 1972 Babu akaondolewa katika Baraza la Mawaziri. Tarehe 7 Aprili mwaka huo, Mzee Karume, rais wa Zanzibar na Makamo wa Kwanza wa Rais wa Muungano, akauliwa kwa risasi Kisiwandui, katika makao makuu ya Afro-Shirazi. Miongoni mwa waliotajwa katika njama hiyo walikuwemo watu waliokuwa Umma Party. Babu akakamatwa Dar es Salaam siku chache baadae, pamoja na makomredi wengine waliokuwa Bara.

Kesi ikaendeshwa Zanzibar katika Mahakama ya Wananchi, mwaka 1973 na 1974. Katika mahakama zile hakukuwa na wakili wa kumtetea mshitakiwa. Washitakiwa wengine walieleza kuwa maungamo yao yalitolewa kwa mateso. Babu mwenyewe hakusimama mbele ya mahakama hiyo hata siku moja, kwa sababu alikuwa mahabusu Bara na serikali ya Muungano ilikataa kumpeleka. Mwaka 1974 akahukumiwa kifo akiwa hayupo. Yeye alikana kuhusika na mauaji hayo.

Je, alihusika au hakuhusika? Jawabu letu ni hili: hukumu ya mahakama isiyomsikiliza mshitakiwa haithibitishi kosa. Kadhi yeyote aliyesoma anajua kwamba hakati shauri kwa kusikiliza upande mmoja, na kwamba ungamo lililotolewa kwa mateso si ungamo. Hatusemi kuwa tunajua yaliyokuwa moyoni mwa Babu. Tunasema kwamba hukumu ile si hoja ya kumwita mtu muuaji barazani, iwe Unguja au Tunduma. Na Mzee Karume naye ana haki yake: aliuliwa kwa dhulma, na hakuna ubaya wa utawala wake unaohalalisha kumwagwa damu yake kwa njia ile.

Kwa nini serikali ya Muungano ilikataa kumpeleka Zanzibar? Wengi wanakumbusha yaliyopita mwaka 1969. Mwaka huo Abdallah Kassim Hanga na Othman Shariff, wote wawili waliowahi kushika nyadhifa kubwa, walichukuliwa kutoka Bara wakapelekwa Zanzibar, na hawakuonekana tena. Babu wakati huo alikuwa waziri, na akabaki serikalini. Sheria ya kumuweka mtu kizuizini bila ya mashitaka ilikuwapo Tanganyika tokea 1962, na ilitumika kwa wengi naye akiwa kwenye meza ya baraza. Mwaka 1972 ikamfika yeye.

Ndugu msomaji, hapa pana funzo kubwa kuliko yote katika maisha ya mtu huyu. Sheria ya dhulma haina rafiki. Aliyeinyamazia ilipomshika hasimu wake, au hata sahibu yake, asidhani kwamba inamjua kwa sura na itampita.

Reli yavuka mpaka

Babu alikaa kizuizini miaka sita. Na katika miaka hiyo ndipo reli ilipotimia. Mwaka 1973 ikafika Tunduma na kuvuka kuingia Zambia. Mwaka 1975 ikafika New Kapiri Mposhi, ikatimiza kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam, na Julai 1976 ikakabidhiwa rasmi kwa serikali mbili. Zikasomwa hotuba na kupigwa ngoma. Mtu aliyekuwa miongoni mwa waliobisha hodi Beijing kuiombea nchi reli hiyo alikuwa katika selo, na juu yake pana hukumu ya kifo.

Wakaazi wa Tunduma na Vwawa walioanza kupanda treni mwaka ule hawakuwa na sababu ya kumfikiria. Na wala hapana ubaya katika hilo. Kheri anayoifanya mtu haisimami kusubiri atajwe. Watu wanasafiri, wagonjwa wanapelekwa hospitali, mahindi na kahawa ya Mbozi inakwenda sokoni, na mwenye kuandika amali za waja hahitaji kukumbushwa.

Kutoka kifungoni, na miaka ya mwisho

Jina lake la nje likamfaa. Shirika la Amnesty International na marafiki zake wa Ulaya na Marekani walipiga kelele miaka yote ile. Aprili 1978 Mwalimu Nyerere akamwachia. Babu akaondoka nchini, akafundisha katika vyuo vya Marekani na baadae akahamia London. Mwaka 1981 kikatoka kitabu chake African Socialism or Socialist Africa?, alichokiandika kifungoni. Ndani yake aliipinga njia ya uchumi iliyofuatwa na serikali aliyoitumikia. Kwa muhtasari, hoja yake ilikuwa kwamba nchi inayolima mazao ya kuuza nje na kununua kila kitu kutoka nje haitajitawala kweli, hata ikijiita ya kijamaa, na kwamba ni lazima izalishe kwanza wanachokihitaji watu wake.

Wapo waliouliza: kwa nini hakuyasema akiwa waziri? Inajulikana kwamba alikuwa na khitilafu na sera za serikali ndani ya vikao. Lakini pia alibaki kwenye kiti, akawa na sehemu ya dhamana ya biashara na mipango katika miaka ambayo maduka yalianza kukosa bidhaa. Hili nalo liko katika hesabu yake.

Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, Babu aliona mlango umefunguka tena. Mwaka 1995, akiwa na miaka 71, alitakiwa na NCCR-Mageuzi awe mgombea mwenza wa Augustino Mrema. Jina lake halikufika katika karatasi ya kura. Huo ukawa mtihani wake wa mwisho katika siasa. Tarehe 5 Agosti 1996 akafariki dunia London. Mwenyezi Mungu amsamehe yeye na sisi.

Tumhukumu vipi?

Wametuuliza pia kuhusu dini yake, kwa kuwa alijulikana kwa itikadi ya Kimarx. Alizaliwa katika nyumba ya Waislamu na akaishi na jina la Muislamu. Itikadi yake ya siasa inajadiliwa na kukosolewa kama itikadi nyengine yoyote, na sisi si watu wake katika hilo. Ama kumtoa mtu katika dini baada ya kufa kwake, kwa maneno ya barazani, huo ni mlango ambao wanachuoni wetu walikuwa wakiuogopa, na sisi hatuuingii.

Ama kuhusu sifa na lawama, tunawanasihi ndugu zetu watumie kipimo cha wanachuoni wa Hadithi walipokuwa wakiwapima wapokezi. Hawakumsifu mtu kwa sababu ni wa mji wao, wala hawakumtupa kwa sababu ni wa upande mwengine. Waliyatenga mambo matatu. La kwanza ni lililothibiti: kwamba Babu aliijenga Hizbu akaiacha, kwamba alifungwa na Waingereza, kwamba alikuwa waziri wa serikali iliyowafunga wengine bila ya hukumu, kwamba alisaidia kuileta China karibu na nchi hii, na kwamba alifungwa miaka sita. La pili ni linalodaiwa lakini halikuthibiti mbele ya mahakama ya haki, nalo ni kuhusika kwake na mauaji ya 1972. Hili mtu haruhusiwi kulisema kama jambo la yakini. La tatu ni rai: kama siasa yake ilikuwa ya sawa au ya makosa. Katika hili watu watakhitilafiana, na khitilafu haipaswi kuvunja baraza wala kuzuia salamu.

Ndugu zetu wa Tunduma wanaishi mpakani, mahali ambapo mzigo hupimwa kabla ya kuvuka. Habari za watu nazo ni mzigo, tena mzito, kwa sababu mwenye habari zake hayupo kujitetea. Mwenye familia iliyodhulumiwa mwaka 1964 asilazimishwe kumpenda Babu. Mwenye kumpenda Babu asilazimishwe kuamini kuwa ni muuaji. Na vijana wasirithishwe uadui wa wazee wao bila ya kuelezwa habari kamili, kwani kijana aliyerithishwa nusu ya habari huirithisha nusu hiyo kwa wanawe, na mwishowe hubaki uadui peke yake.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awalipe waliodhulumiwa, na atujaalie kuwa wenye kusema haki juu ya tunayempenda na tusiyempenda.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.